Sura ya Tatu: Usalama Unaoamuliwa Kwenye Karatasi

Jukwaa la kuzalisha mafuta na gesi baharini hukusanya mahali pamoja, katika eneo ambalo mara nyingi halizidi kiwanja cha mpira, mambo ambayo kiwandani nchi kavu yangetenganishwa kwa mamia ya mita: visima vyenye kanieneo kubwa, yaani msukumo mkubwa wa gesi na vimiminika vinavyotoka ardhini, mitambo ya kutenganisha mafuta, gesi na maji, mashine za kushindilia gesi, jenereta, na pamoja na hayo yote vyumba wanamolala makumi au mamia ya wafanyakazi ambao, moto ukizuka, hawana pa kukimbilia isipokuwa baharini. Ajali kubwa, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni tukio kama uvujaji wa gesi, moto, mlipuko, kugongwa na meli au kuporomoka kwa muundo, ambalo linaweza kuua watu wengi kwa mara moja, kuteketeza mtambo mzima au kuchafua bahari kwa kiasi kikubwa. Ajali ya aina hiyo hutofautiana na ajali za kazini za kila siku, kama kuteleza ngazini au kuangukiwa na kifaa, si kwa ukubwa wa madhara peke yake bali pia kwa namna ya kujikinga nayo, kwa kuwa kofia ngumu na viatu vya usalama havimsaidii mtu aliyezungukwa na wingu la gesi linalowaka.

Hoja ya sura hii ni kwamba sehemu kubwa ya kinga dhidi ya ajali kubwa huamuliwa katika miezi ya mwanzo ya mradi, wakati jukwaa bado ni michoro michache na majedwali ya makadirio, na kwamba kinachokosewa wakati huo hakiwezi kusahihishwa kikamilifu na ving'ora, mafunzo au taratibu za kazi zinazoongezwa baadaye. Mradi wa baharini hupitia hatua zinazofuatana: kwanza huchaguliwa dhana ya uendelezaji, yaani kama gesi itasindikwa juu ya jukwaa lililosimikwa sakafuni mwa bahari, juu ya chombo kinachoelea, au isafirishwe moja kwa moja kwa bomba hadi nchi kavu, kisha hufuata usanifu wa msingi, ambao hupanga vyumba vya mitambo, sitaha na nguzo, baadaye huja usanifu wa kina, unaotaja kila bomba na kila skrubu, na mwisho chuma hukatwa. Katika hatua ya kwanza wahandisi wanajua machache na wanaweza kubadilisha karibu kila kitu, ilhali katika hatua ya mwisho wanajua karibu kila kitu na hawawezi kubadilisha ila machache, maana kuhamisha jengo la malazi kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda mwingine baada ya kazi ya karakana kuanza ni sawa na kuanza mradi upya. Waswahili wamekwisha kusema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na hakuna fani ambayo usemi huo unaigusa kwa uzito kuliko hii.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika Bahari ya Kaskazini. Jukwaa la Piper Alpha, lililosimama kiasi cha kilomita 190 kaskazini mashariki mwa Aberdeen, Uskoti, lilianza uzalishaji mwaka 1976 likiwa jukwaa la mafuta, na mpangilio wake wa awali ulikuwa na mantiki inayoeleweka: moduli nne, yaani vyumba vikubwa vya mitambo vilivyopangwa kwa safu, zilianzia kwenye vichwa vya visima, zikaendelea na vitenganishi, kisha mashine za kushindilia gesi, na kuishia kwenye jenereta na huduma nyingine, ili yenye hatari zaidi yawe mbali na chumba cha uendeshaji na malazi. Kati ya moduli hizo zilijengwa kuta za kuzuia moto, kwa kuwa hatari iliyofikiriwa na wasanifu ilikuwa moto wa mafuta, ambao huwaka kwa muda mrefu lakini hausukumi ukuta. Miaka ya mwisho ya 1970 mitambo ya kusindika gesi iliongezwa ili gesi isafirishwe badala ya kuchomwa bure, na kwa nyongeza hiyo hatari ya mlipuko ikaingia katika jengo ambalo kuta zake hazikusanifiwa kuuhimili.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, pampu moja ya kimiminika chepesi kinachotokana na gesi ilizimika, na wafanyakazi wakaiwasha pampu ya pili bila kufahamu kwamba vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na mahali pake kufunikwa kwa kifuniko ambacho hakikukazwa sawasawa. Kilichovuja kilikuwa makumi machache tu ya kilogramu, na majira ya saa nne usiku kililipuka. Mlipuko huo haukuwa mkubwa kwa vipimo vya sekta hiyo, lakini ulitosha kuzivunja kuta za moto, kukata mabomba katika moduli ya jirani na kukiondoa kazini chumba cha uendeshaji, ambacho kilikuwa mbali na visima lakini karibu na mashine za kushindilia gesi. Dakika kama 20 baadaye bomba la kupandishia gesi kutoka jukwaa la Tartan, yaani bomba la wima linalounganisha sakafu ya bahari na sitaha, lilipasuka kwa joto la moto wa mafuta uliokuwa ukiwaka chini yake, na gesi iliyokuwa ndani ya kilomita nyingi za bomba hilo ikaanza kuwaka katikati ya jukwaa. Mabomba mengine mawili ya gesi yakapasuka baadaye. Kati ya watu 226 waliokuwa jukwaani walinusurika 61 tu, na idadi ya waliokufa, pamoja na waokoaji wawili, ilifika 167.

Mjadala wa hadhara kuhusu Piper Alpha hukazia mara nyingi hati za vibali vya kazi zilizopotea kati ya zamu mbili, na kwa kweli taratibu hizo zilikuwa mbovu, lakini msomaji anayetazama orodha ya waliokufa na mahali walipofia ataona jambo jingine. Wengi wao hawakuuawa na mlipuko wa kwanza. Walikusanyika katika jengo la malazi lililokuwa juu ya moduli za uzalishaji, kama walivyofundishwa, wakisubiri helikopta ambazo zisingeweza kutua kwa sababu ya moshi, na moshi huohuo ndio uliowaua kwa kupenya katika jengo ambalo halikusanifiwa kuuzuia. Hati iliyopotea kati ya zamu ilichangia uvujaji. Lakini umbali kati ya malazi na mitambo, nguvu ya kuta, njia ya mabomba ya kupandishia na mahali zilipowekwa vali za kuyafunga kwa dharura, mambo yaliyogeuza uvujaji wa makumi ya kilogramu kuwa vifo vya watu 167, yalikuwa yameamuliwa ofisini miaka mingi kabla ya wafanyakazi wa zamu hizo kupanda jukwaani.

Tume iliyoongozwa na Jaji wa Uskoti, Lord Cullen, ilitoa ripoti yake mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na yote yalikubaliwa. Kiini chake kilikuwa kuhamisha mzigo wa uthibitisho: badala ya serikali kuandika kanuni za kina kuhusu unene wa kila ukuta na mmiliki kujaza fomu za utekelezaji, mmiliki mwenyewe alitakiwa kuandika hati ya uthibitisho wa usalama, yaani waraka unaoeleza ajali kubwa zinazoweza kutokea katika mtambo wake mahususi, kinga zilizowekwa, na sababu za kuamini kwamba kinga hizo zinatosha. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 zilizotokana na ripoti hiyo zilitaka hati ya jukwaa jipya lililosimikwa iwasilishwe tangu hatua ya usanifu, mapema kiasi cha kuruhusu maoni ya mdhibiti kuingizwa katika michoro.

Norway ilikuwa imefika mahali hapo kabla ya Uingereza, nayo pia kwa njia ya msiba. Tarehe 27 Machi 1980 chombo cha Alexander L. Kielland, kilichotumiwa kama hoteli ya wafanyakazi katika eneo la Ekofisk, kilipinduka katika muda wa dakika kama 20 baada ya kupoteza mguu mmoja kati ya mitano, na watu 123 kati ya 212 wakafa. Ufa ulianzia kwenye mchomeleo mdogo wa kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini, ukakua kwa uchovu wa chuma, yaani udhaifu unaoletwa na mawimbi yanayoupinda na kuunyoosha muundo mara mamilioni, hadi mhimili mmoja ukakatika na kufuatwa na mingine iliyoushikilia mguu huo. Kasoro ya mchomeleo ilikuwa ya karakana. Lakini muundo ambao kukatika kwa mhimili mmoja kunatosha kuuangusha mguu, na kupotea kwa mguu mmoja kunatosha kukipindua chombo, ni uamuzi wa mwanzo kabisa wa usanifu, na hakuna ukaguzi wa baadaye ambao ungekipa chombo hicho akiba ya nguvu ambayo hakikuzaliwa nayo.

Mwaka uliofuata, 1981, Kurugenzi ya Petroli ya Norway ilitoa mwongozo wa kutathmini usalama wa dhana za majukwaa, na huo pengine ndio waraka uliobadilisha zaidi namna wahandisi wa baharini wanavyofikiri. Badala ya kuuliza tu ajali ngapi zinaweza kutokea, mwongozo huo uliuliza ni nini lazima kibaki kimesimama ajali inapotokea, na ukataja kazi chache za msingi za usalama: muundo unaobeba jukwaa usiporomoke, mahali pa kujihifadhi pabaki salama, na njia za kutokea zisizibwe zote, hadi watu watakapokuwa wameondoka. Kila aina ya ajali, kama moto, mlipuko, mgongano au kitu kizito kinachoanguka, ilipaswa kupimwa kwa kigezo kimoja, kwamba uwezekano wa aina hiyo kuiharibu mojawapo ya kazi hizo usizidi mara moja katika miaka 10,000 ya maisha ya jukwaa. Kigezo hicho kimedumu katika kanuni za Norway kwa umbo lililoboreshwa, na kiwango cha NORSOK Z-013 kinaeleza jinsi uchambuzi wenyewe unavyofanywa katika kila hatua ya mradi.

Uzuri wa kigezo hicho ni kwamba kinazaa mzigo wa kusanifia. Mhandisi wa miundo hawezi kuhesabu unene wa chuma kutokana na maneno kama usalama kwanza, lakini akiambiwa kwamba mlipuko unaotarajiwa mara moja katika miaka 10,000 utasukuma ukuta huu kwa nguvu fulani kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde, anajua la kufanya, kama anavyojua la kufanya akipewa urefu wa wimbi. Bila namba hiyo, mtaalamu wa usalama hubaki mshauri anayesikilizwa kwa adabu na kusahauliwa mara kikao kinapokwisha.

Hata hivyo mlipuko wa gesi una tabia inayoifanya namba hiyo iwe ngumu kupatikana mapema, na suala hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndipo miradi mingi inapojikwaa. Wingu la gesi likiwaka mahali pa wazi kabisa, mwali husafiri polepole na kanieneo hupanda kidogo. Lakini mwali unaopita katikati ya mabomba, ngazi, nyaya na vifaa huvurugika, uso wake huongezeka, nao huwaka kwa kasi zaidi, na kasi hiyo huzidisha vurugu inayouongezea kasi tena, kiasi kwamba katika moduli iliyosongamana kanieneo inaweza kupanda kupita kile ambacho ukuta wa kawaida unahimili. Majaribio ya ukubwa halisi yaliyofanywa miaka ya 1990 katika kituo cha Spadeadam, kaskazini mwa Uingereza, yaliwashtua wataalamu kwa kuonyesha kanieneo zilizo juu sana kuliko mahesabu ya awali, nyingine zikiipita mara kadhaa kanieneo ya kawaida ya hewa.

Sasa katika usanifu wa awali mchoro wa kompyuta huwa na vyombo vikubwa tu, yaani vitenganishi, kompresa na mabomba makuu, kwa kuwa mabomba madogo, vishikizo na njia za nyaya bado havijachorwa. Mchambuzi anayepima mlipuko kwa kutumia mchoro huo mtupu atapata jibu la kufurahisha na la uongo, na miaka miwili baadaye, mabomba yatakapojazwa, mzigo wa mlipuko utakuwa umepanda ilhali kuta, sitaha na uzito wa jukwaa vimekwisha kufungwa. Kwa hiyo mchambuzi mzuri hukadiria msongamano ambao bado haupo, akitumia majukwaa yaliyokwisha kujengwa kama kipimo, na huutetea ukadiriaji huo mbele ya meneja wa mradi ambaye kwenye mchoro anaona nafasi wazi. Kazi hiyo inahitaji uzoefu na ujasiri kwa pamoja, na mradi usiompa mtu wa namna hiyo nafasi ya kusikilizwa umekwisha kuchukua uamuzi wa hatari bila kujua.

Tiba za mlipuko nazo hugongana. Kuacha pande za moduli wazi huruhusu gesi itawanyike na mlipuko upumue, lakini huwaacha wafanyakazi wapigwe na upepo na mvua. Kujenga kuta nyingi huzuia moto usisambae, lakini kila ukuta huifunga gesi na kuongeza kanieneo. Sakafu ya wavu hupunguza mlipuko, lakini huruhusu mafuta yanayowaka yadondoke sitaha ya chini. Hakuna jibu moja la mizozo hiyo. Kinachowezekana ni kuisuluhisha kwa pamoja wakati mpangilio bado ni laini, kwa mfano kwa kuvilaza vyombo virefu sambamba na mwelekeo ambao mlipuko utatokea, badala ya kuvikingamisha, jambo ambalo halina gharama yoyote likifanywa mwanzoni.

Uamuzi mwingine wa mwanzo ni mahali pa malazi kulingana na upepo, na hapa pwani ya Afrika Mashariki ina mazingira yake mahususi. Kanuni ya jumla husema watu wakae upande unakotoka upepo ili gesi na moshi vipeperushwe mbali nao, lakini katika maji haya upepo hugeuka kwa msimu: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwezi Desemba hadi Machi, kisha kusi huvuma kutoka kusini mashariki kwa miezi mingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Jukwaa lisilogeuka litakuwa salama kwa msimu mmoja na kukaa chini ya moshi kwa mwingine, isipokuwa mhimili wake upangwe kwa kuzizingatia pepo zote mbili, ilhali chombo kinachoelea na kufungwa kwa nanga kwenye mnara unaozunguka hujigeuza chenyewe kuelekea upepo na mkondo, na kwa hiyo kinaweza kupangiwa malazi upande mmoja mwaka mzima, ingawa mkondo wa bahari unaweza kukizuia kisifuate upepo barabara. Nahodha wa jahazi aliyajua mabadiliko hayo ya pepo karne nyingi kabla ya mafuta. Msanifu anayenakili mpangilio uliochorwa kwa ajili ya Bahari ya Kaskazini anaweza kuyasahau.

Mahali pa mabomba ya kupandishia pana uzito uleule. Tarehe 27 Julai 2005 meli ya huduma iliyolikaribia jukwaa la Mumbai High North, magharibi mwa India, ili kumshusha mtu aliyejeruhiwa, iligonga mabomba ya aina hiyo, gesi ikawaka, na jukwaa lote likateketea katika muda wa kama saa mbili, watu 22 wakipoteza maisha. Mawimbi ya msimu, uongozaji wa meli na hali ya vyombo vya kunyanyulia vilichangia, lakini swali la msanifu ni rahisi zaidi: kwa nini mabomba yaliyojaa gesi yalikuwa mahali ambapo meli inaweza kuyafikia? Bomba lililopitishwa ndani ya miguu ya jukwaa, mbali na upande wa kreni na wa kupakilia, huikinga meli na nahodha wake pia, na likiwa na vali ya kulifunga chini kabisa, karibu na maji au sakafuni mwa bahari, gesi iliyo kati ya vali hiyo na jukwaa ndiyo pekee inayoweza kuwaka.

Kwa vyombo vinavyoelea mfano unaotisha zaidi ni P-36 ya kampuni ya Petrobras, iliyokuwa ikizalisha katika eneo la Roncador nje ya Brazil. Chombo hicho kilikuwa kimegeuzwa kutoka kuwa mtambo wa kuchimbia visima, na ndani ya mguu wake mmoja, yaani nguzo inayokifanya kielee, liliwekwa tangi la kupokea vimiminika wakati wa dharura, lililounganishwa na mfumo wa uzalishaji. Mwezi Machi 2001 tangi hilo lilipasuka kwa kanieneo iliyozidi, gesi ikapanda na kulipuka, na watu 11 wakafa. Bomba la maji ya bahari lililopita katika nguzo hiyohiyo likakatika na kuijaza maji, na siku tano baada ya mlipuko chombo kizima kikazama. Kukiweka chombo chenye mafuta na gesi ndani ya kiungo kilekile kinachozuia mtambo usizame ni kuunganisha ajali mbili kuwa moja, na hilo huonekana wazi kwa yeyote atakayeuliza swali moja kuhusu kila nafasi ya mchoro: hiki kikipasuka, nini kingine kitaondoka nacho?

Mkemia wa Kiingereza Trevor Kletz, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya ICI, alitoa mwaka 1978 hoja iliyozidi hizo zote kwa wepesi wake. Akiandika baada ya mlipuko wa Flixborough wa mwaka 1974, ulioua watu 28, alidai kwamba badala ya kukusanya kemikali za hatari na kisha kuzizungushia kinga, mhandisi aanze kwa kuuliza kama anazihitaji, na kama anazihitaji kwa wingi huo. Baharini hoja hiyo ina maana ya kupunguza vyombo vya kuhifadhi, kuhamishia usindikaji mahali pasipo na watu, au kuwaondoa watu kabisa. Jukwaa la Oseberg H la Norway, lililoanza uzalishaji mwaka 2018, halina malazi wala kiwanja cha helikopta, na linaongozwa kutoka kituo kingine. Ajali ikitokea huko kwa kawaida hakuna wa kufa. Pale ambapo watu hawaondoleki, kama katika eneo kubwa la Johan Sverdrup, malazi yametengwa kwenye jukwaa lake lenyewe na kuunganishwa na mengine kwa madaraja. Maamuzi ya aina hiyo hupunguza hatari kwa kiwango ambacho vipima gesi na mifumo ya kumwagia maji haviwezi kukifikia, kwa sababu hayategemei kifaa chochote kifanye kazi sekunde ya mwisho. Pampu za maji ya kuzimia moto za Piper Alpha zilikuwepo, zikiwa zimewekwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono ili kuwalinda wapiga mbizi, na usiku ule hakuna aliyeweza kuzifikia.

Kuna wanaoamini kwamba uchambuzi wa hatari kwa tarakimu utawaamulia, na imani hiyo inahitaji kupunguzwa. Makadirio ya uvujaji hutokana na kumbukumbu za miaka iliyopita, ambazo zilizo bora kati yake ni zile Uingereza ilizoanza kuzikusanya kwa utaratibu mwaka 1992 baada ya ripoti ya Cullen, na huzidishwa kwa idadi ya vali na viungo vya mabomba. Lakini katika usanifu wa awali viungo hivyo havijahesabika, hivyo jibu linalotoka na tarakimu tatu za desimali limejengwa juu ya kisio. Tarakimu za mwanzo zinafaa kulinganisha dhana mbili na kuonyesha hatari inatoka upande gani. Hazifai kabisa kuthibitisha kwamba dhana iliyokwisha kupendwa kwa sababu ya bei imepita kigezo kwa asilimia chache, na mdhibiti anayeziona zikitumiwa hivyo anapaswa kuurudisha waraka.

Maswali haya yamekwisha kufika Afrika Mashariki. Kaskazini mwa Msumbiji, katika bonde la Rovuma, chombo cha Coral Sul kinachoelea kwenye maji yenye kina cha kama mita 2,000 kilianza kusafirisha gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika mwaka 2022, kikiwa na malazi yanayoweza kuchukua watu 350. Upande wa Tanzania gesi iliyogunduliwa tangu mwaka 2010 katika kina kirefu, nyingine kama kilomita 100 kutoka pwani ya Lindi, inapangwa kuletwa nchi kavu kwa mabomba ya sakafuni mwa bahari na kugeuzwa kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi. Dhana hizo mbili zinaigawa hatari kwa namna tofauti: ya kwanza inaikusanya pamoja na watu katika chombo kimoja mbali na vijiji, ya pili inawaondoa watu baharini na kukileta kiwanda karibu na wakazi wa pwani, ambako kuna nafasi ya kutenganisha matangi na malazi lakini pia kuna majirani ambao hawakuomba kuwa sehemu ya hesabu. Kila moja inaweza kutetewa, kwa sharti kwamba utetezi uandikwe na kusomwa kabla uchaguzi haujafungwa.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, na kwa hiyo Tanzania ina chombo chenye wajibu wa kuuliza. Norway iliitenganisha mamlaka ya usalama na ile ya rasilimali mwaka 2004, ili anayehesabu mapato asiwe anayeamua kama jukwaa ni salama, na mfano huo unafaa kufikiriwa hapa kwa makini. Lakini hata kabla ya mageuzi makubwa ya namna hiyo, jambo moja linaweza kufanywa kwa kila mradi mpya wa baharini: mwendelezaji atakiwe kuwasilisha, pamoja na ulinganisho wa gharama za dhana zake na kabla ya kuteua yoyote, maelezo ya ajali kubwa za kila dhana, watu wangapi watakuwa wapi zitakapotokea, na kwa nini dhana iliyokataliwa kwa sababu ya bei isingeokoa maisha zaidi. Wahandisi vijana wa vyuo vya Tanzania, Kenya na Msumbiji wafundishwe kuusoma waraka huo na kuupinga, na wapewe viti katika vikao unapojadiliwa.